Mgonjwa Asiye na Hamu ya Kula: Nguvu Zaidi Katika Bakuli Dogo

Mgonjwa anayeuguzwa nyumbani akianza kurudisha chakula, ndugu wengi humlazimisha, au humpikia uji mwepesi kwa kuwa ndio unaopita. Unapita kweli, lakini sehemu kubwa ni maji: tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa. Kijitabu hiki ni cha wewe unayemuuguza mzee, mtu anayetumia dawa za kifua kikuu au anayetibiwa saratani, ambaye akila vijiko vichache tu ameshiba. Usimwongezee bakuli. Ongeza kilichomo ndani yake.

Kabla ya kugusa sufuria

Mwangalie mdomoni. Utando mweupe kwenye ulimi, vidonda, jino bovu au meno ya bandia yanayocheza hutibika, na hakuna pishi litakaloshinda kidonda. Muulize kama anapata choo, maana kufunga choo huua hamu ya kula. Dawa nyingine huchefua au huacha ladha ya chuma mdomoni. Mweleze mganga aliyeziandika, usizikatize mwenyewe. Wako pia wazee ambao hawana ugonjwa wowote wa tumbo, ila wamechoka kula peke yao.

Uji wenye nguvu

Kikombe cha uji wa vijiko viwili vikubwa vya unga kina kama kilokalori 70. Weka maziwa badala ya nusu ya maji, koroga humo kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa na kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia. Kikombe ni kilekile, lakini sasa kina karibu kilokalori 280, mara nne ya mwanzo.

Akilalamika kwamba uji mzito unamkwama, tumia kimea. Loweka ulezi usiku kucha, umwage maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu hadi uote, uanike ukauke kabisa, usugue kuondoa vichipukizi, kisha usage. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, ndipo ukoroge kijiko cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache utalegea na kunyweka, bila kupunguza unga hata chembe. Urudishe jikoni uchemke tena. Wanaonunua makopo ya gharama dukani wangejaribu hili kwanza.

Mboga na vitafunio

Wali au ugali wake uwe kidogo. Mboga iungwe kwa nazi au karanga. Dagaa wakavu waliosafishwa, wakakaangwa na kusagwa, huingia kwenye mchuzi wowote bila kumchosha kutafuna. Yai lililopigwa humiminwa kwenye supu inayochemka. Parachichi, ndizi mbivu na mtindi havihitaji hata moto. Karanga zenye ukungu au zilizokunjamana zitupwe, kwani huenda zina sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupikwa.

Supu ya mifupa inasifiwa kupita kiasi. Mchuzi mtupu humchangamsha mgonjwa, lakini protini nyingi imebaki kwenye nyama. Ichemshe ilainike, uikatekate, naye aile.

Saa ya kula

Mpe kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, na kilicho bora kije saa ile anapokuwa na nafuu, ambayo kwa wengi ni asubuhi. Maji na chai visitangulie chakula. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hujaza tumbo na kuzuia madini ya chuma kufyonzwa, hivyo ingoje kama saa moja. Aketi wima, na ikiwezekana mle naye.

Wasiopaswa kuanza bila ushauri

Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo aulize kwanza kituo cha afya. Anayepaliwa kila anapomeza asipewe chochote kwa nguvu. Aliyekaa siku tano au zaidi bila kula karibu chochote asijaziwe chakula ghafla: madini ya damu yanaweza kushuka na kuhatarisha moyo. Huyo aanzie hospitali.

Mpime uzito kila wiki, kwa mizani ileile. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi bila kukusudia, usingoje mwezi wa pili. Mpeleke kituo cha afya, na ubebe dawa zake zote, pamoja na za miti shamba.