Kazi ya Mtayarishaji wa Muziki

Wanafunzi wengi hudhani mtayarishaji wa muziki ni fundi wa mitambo tu. Mimi nasema sivyo. Mtazameni George Martin, aliyezaliwa London mwaka 1926. Alisoma muziki miaka 3 katika chuo cha Guildhall, akajifunza kupiga oboe, chombo kilicho jamaa ya zumari. Mwaka 1950 aliajiriwa Parlophone, tawi dogo la kampuni ya EMI. Mwaka 1955 akawa mkuu wake. Huko alitoa sahani nyingi za vichekesho, na naona hizo ndizo zilizomzoeza kuchezea utepe wa sauti. Mwaka 1962 aliwapokea Beatles, waliokwisha kukataliwa kwingine. Hawakujua kusoma noti. Yeye ndiye aliyewaandikia sehemu za fidla. Sahani ziliuzwa kwa mamilioni, naye akabaki na mshahara tu, hata mwaka 1965 akaondoka, akaanzisha kampuni yake, AIR.