Gari ya wakulima ambayo wakulima hawakuinunua

Wandugu wa koperative, mbele ya kukopa pesa za mifuko yenye jina letu, tuangalie kampuni moja ya Nairobi, Mobius Motors. Mwanzilishi wake, Mwingereza, alifanya kazi na wakulima wa Kenya, akaona namna barabara mbaya inawazuia kufikisha mazao sokoni. Akatengeneza gari ngumu, iliyoinuka, bila klimatizasyo, kwa karibu dola 10.000. Hata sisi wa Ubundu tungepiga makofi.

Lakini kwa pesa hiyo mutu wa Kenya alipata Toyota ya okazyo kutoka Japani: ina starehe, piyesi ziko kila soko, na ukichoka nayo unaiuza tena. Mkulima hakuwa na dola hizo. Mwenye nazo hakutaka gari ya kumutesa. Zilizofuata zilipendeza zaidi, ila bei ilipanda, mkulima akabaki mbali. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga milango, madeni yameizidi.

Sasa muchele wetu. Mama anayeuza kule Kisangani anapima kwa kopo. Mfuko wetu mzuri wa kilo 5 ataupasua tu. Anacholalamikia ni mawe na punje zilizovunjika (lawama ni yetu, tunaanika chini). Basi pesa ya kwanza iende kwenye bashi za kuanikia. Wajumbe wawili washuke Kisangani juma hili, waulize wamama kwa utulivu: muchele ukiwa safi, utaongeza ngapi kwa kopo?