Mwanamke Aliyeachwa na Eda Iliyokwisha

Tumeletewa barua darasani: mwanamke ameachwa, eda yake imekwisha, na jamaa zake wamemweka ndani kwa kuwaonea haya majirani. Wamekuja waposaji wakarudishwa. Je, hilo ni sawa?

Jawabu yetu, si sawa. Eda ina mpaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii ni tohara tatu kwa mwenye kupata ada, na mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Kumzidishia ni kumdhulumu.

Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipelekewa na mumewe talaka ya mwisho, naye mume yuko safarini Yaman. Wakili wake akamletea shayiri, bibi akakasirika. (Wala hatumlaumu, kibaba cha shayiri hakimtulizi mtu aliyeachwa.) Alipomwendea Mtume (s.a.w.), alielekezwa akakae eda kwa Ummu Sharik, kisha kwa kuwa nyumba ile ina wageni wengi, akahamishiwa kwa Ibn Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu, apate kukaa kwa staha. Na papo hapo akaambiwa kwamba eda ikisha atoe habari. Yaani bado yumo katika kungoja, na kesho yake imekwisha kufikiriwa!

Ilipokwisha wakamposa wawili, Muawiya na Abu Jahm. Mtume hakumficha: mmoja hana mali, wa pili ni mkali kwa wanawake. Akamshauri Usama bin Zayd. Fatima hakumtaka, kwani baba yake Usama alikuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Sisi watu wa miji hii, tunaouliza ukoo kabla ya kuuliza sala, tupasome hapa polepole. Aliposhauriwa tena alikubali, na mwenyewe alihadithia kwamba Mungu alitia kheri nyingi katika ndoa ile, hata akatamaniwa hali yake.

Ama walii mwenye hasira na amtazame Maaqil bin Yasar. Aliapa kwamba dada yake hatarudi kwa mume aliyemwacha, hali wenyewe wawili wanatakana. Ikashuka aya ya 232 ya Suratul-Baqara, akakiacha kiapo chake akawaoza.

Barua tuliyoletewa ina kurasa tatu. Imetaja baba, ami na majirani. Anayotaka bibi mwenyewe hayakutajwa hata kwa neno moja. Muulizaji na arudi nyumbani akamwulize, kisha atuandikie.