Karatasi ya Faini ya Barabarani: Kulipa au Kwenda Mahakamani?

Kwa kaya nyingi za Kata ya Makorora, chombo cha moto ndicho kinacholeta unga nyumbani. Bodaboda hupeleka abiria Ngamiani na stendi ya Kange, bajaji hubeba wanafunzi asubuhi, na gari dogo husambaza mizigo ya wafanyabiashara. Kwa sababu hiyo, siku askari wa usalama barabarani anapoandika kosa, wasiwasi wa dereva huwa mkubwa kuliko fedha zenyewe. Wapo wanaolipa kosa wasilolitenda ili wawahi kurudi kazini. Wapo pia wanaoikunja karatasi na kuitia mfukoni wakitumaini kuwa itasahauliwa. Wa kwanza hupoteza haki yao, na wa pili hujiongezea deni. Somo hili linaeleza njia halali zilizopo na namna ya kuchagua kati yake.

Maana ya karatasi ya faini

Makosa ya barabarani nchini yanasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Kwa makosa madogo, sheria hiyo inamruhusu askari kumwandikia dereva taarifa ya kosa badala ya kumfikisha mahakamani moja kwa moja. Taarifa hiyo ndiyo ambayo wengi huiita karatasi ya faini.

Ni muhimu ieleweke kwamba karatasi hiyo ni tuhuma ambayo dereva anatakiwa kuijibu. Hukumu bado haijatolewa. Dereva anaweza kukubali kosa na kulipa faini iliyowekwa, au kulikana na kutaka shauri lisikilizwe na mahakama. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtuhumiwa wa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa.

Makosa makubwa hayamalizwi kwa karatasi hii. Dereva anayetuhumiwa kuendesha akiwa amelewa, au kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, hufikishwa mahakamani.

Njia ya kwanza: kukubali na kulipa

Iwapo kosa limetendeka kweli, kulipa mapema ndiyo njia nyepesi. Kiwango kilichozoeleka kwa magari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Kwa pikipiki na bajaji, kiwango hicho kilipunguzwa kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja katika bajeti ya Serikali ya mwaka 2021/2022.

Maneno “kwa kosa moja” yasipitwe haraka. Dereva wa bodaboda aliyebeba mshikaki, naye hana kofia ngumu, anaweza kuandikiwa makosa mawili, na jumla ikawa shilingi 20,000. Kabla ya kuondoka barabarani, dereva asome karatasi yake na ahakikishe mambo manne: namba ya usajili wa chombo, mahali na saa, kosa lililoandikwa, na idadi ya makosa. Namba ya usajili ikikosewa kwa herufi moja tu, deni linaweza kumwangukia mtu mwingine.

Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali, maarufu kama kontroli namba, kupitia benki, wakala au simu ya mkononi. Fedha taslimu hazikabidhiwi kwa askari. Anayetoa fedha za pembeni ili asiandikiwe, na anayezipokea, wote wawili wanatenda kosa la rushwa, na taarifa za vitendo hivyo hupokelewa na TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Dereva atunze uthibitisho wa malipo hata baada ya deni kuonekana limefutika.

Deni lililobaki huweza kukaguliwa katika tovuti ya Jeshi la Polisi, tms.tpf.go.tz, kwa kuingiza namba ya usajili wa chombo au namba ya leseni. Mkazi anayetaka kununua pikipiki iliyotumika afanye ukaguzi huo kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa deni huandikwa kwenye namba ya chombo.

Njia ya pili: kukana kosa

Dereva anayeamini kuwa hakutenda kosa hana sababu ya kulipa. Aeleze kwa utulivu, barabarani au kituoni, kwamba hakubali kosa na anaomba kupelekwa mahakamani. Kugombana na askari hakumsaidii, na huweza kumletea shtaka jingine. Kukaa kimya nako hakuhesabiwi kuwa ni kukana, kwani deni huendelea kusomeka katika mfumo.

Siku hiyohiyo, aanze kukusanya ushahidi wake wakati mambo bado mabichi. Apige picha ya mahali hapo ikiwa kibao cha barabarani hakipo, kimeanguka au kimefunikwa na matawi. Aandike majina na namba za simu za abiria au wenye maduka waliokuwepo. Aweke pamoja leseni, kadi ya chombo na hati ya bima. Mtu aliyeandikiwa kosa la kutokuwa na bima ilhali anayo, karatasi hiyo ya bima ndiyo utetezi wake.

Hata hivyo, uamuzi huu upimwe vizuri. Faini ya barabarani imewekwa kwa ajili ya anayekubali kosa. Mahakama ikimtia mtu hatiani haifungwi na kiwango hicho. Inaweza kutoa adhabu kubwa zaidi kwa mujibu wa sheria. Kwa hiyo aende mahakamani mwenye hoja na ushahidi, wala asisukumwe na hasira peke yake.

Siku ya mahakama

Dereva afike kwa wakati katika mahakama iliyotajwa kwenye wito wake. Asiyefika bila sababu huweza kutolewa hati ya kukamatwa. Lugha isiwe kikwazo, kwa sababu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Kwanza, shtaka husomwa na mshtakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mtu anayejibu “ni kweli” ili amalize haraka huwa amekiri kosa. Mtu anayejibu “ni kweli, lakini taa za barabarani hazikuwa zinawaka” hajakiri kikamilifu, na inapasa hakimu aandike kwamba amekana. Mshtakiwa asiyeelewa shtaka aombe lisomwe tena kabla ya kujibu.

Akikana, upande wa mashtaka ndio wenye jukumu la kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Askari atatoa ushahidi, na mshtakiwa ana haki ya kumuuliza maswali: alisimama wapi, aliona nini, na kama ni mwendo kasi, ulipimwa kwa kifaa gani na mahali gani. Itakumbukwa kuwa katika maeneo ya mji mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa. Kisha mshtakiwa hujitetea na kuita mashahidi wake.

Baada ya hukumu

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi huenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Tanga. Kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Kwa hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa dhidi ya hatia hiyo, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Jibu moja la haraka mbele ya hakimu lina uzito kiasi hicho.

Dereva na mwenye chombo

Bodaboda nyingi huendeshwa na kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri wake. Faini inapoandikwa na dereva akaficha, tajiri huja kuikuta akiwa amechelewa, na mkataba huvunjika kwa ugomvi. Ni vema mkataba uandikwe na uonyeshe nani anabeba faini zipi. Makosa ya uendeshaji, kama mwendo kasi au kubeba mshikaki, yanamhusu dereva. Ubovu wa chombo na bima iliyokwisha muda ni mambo ambayo mwenye chombo anapaswa kuyashughulikia kabla hajakitoa barabarani.

Msaada unaopatikana

Halmashauri ya Jiji na ofisi ya Mtendaji wa Kata hazina mamlaka ya kufuta faini ya polisi, na mkazi asikubali kutoa fedha kwa mtu anayemwahidi hivyo. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili wanaweza kuelekezwa na maofisa wa maendeleo ya jamii kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mambo ya kukumbuka

1. Soma karatasi yote kabla ya kuondoka barabarani.
2. Ukikubali kosa, lipa mapema kwa kontroli namba na utunze uthibitisho.
3. Ukikana, sema wazi na kusanya ushahidi siku hiyohiyo.
4. Usijibu “ni kweli” mahakamani kama si kweli.
5. Kagua deni la chombo mara kwa mara, na kabla ya kukinunua.