Dondoo muhimu: Kusomeana tahakiki na wenzako

Iwe umehakiki riwaya, singeli au maneno ya kanga, pitia haya kabla hujampa mwenzako karatasi.

1. Usisimulie hadithi upya. Kama ni *Rosa Mistika*, riwaya ya Kezilahabi, wenzako wameshaisoma.
2. Toa dai linaloweza kupingwa. "Kezilahabi amejadili malezi" nani atabisha? Sema ukali wa Zakaria ndio uliomponza bintiye Rosa, uone watakavyokujia juu.
3. Kila dai lipe ukurasa, na toleo ulitaje, maana kurasa hutofautiana. Bila hivyo ni soga za kijiweni.
4. Usimbebeshe mwandishi maneno ya mhusika.
5. Futa "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa". Imetoka kwenye miongozo, na mwalimu anaijua kuliko wewe.
6. Wimbo usikilize kwanza bila video, uandike mashairi mwenyewe. Ya mtandaoni yamejaa makosa. Mdundo nao ni fani: singeli mara nyingi hupita mapigo 200 kwa dakika, na anayehakiki maneno matupu ameacha nusu ya kazi.
7. Maneno ya kanga hayatoshi peke yake: uliza nani kamvalia nani.
8. Toa nakala siku moja kabla ya kusomeana. Kusikia mara moja hakutoshi.
9. Unayesoma kazi ya mwenzio, rudia kwanza hoja yake kwa maneno yako, ndipo ukosoe. Makosa ya tahajia yaandike pembeni kwa penseli, msiyapotezee muda.
10. Ukichukua wazo la mwenzako, mtaje kwa jina.