Mlezi Naye Hufunzwa

Ndugu zetu, hatumpi tezo mtu asiyefunzwa kuunda jahazi. Mbona vijana wetu twamkabidhi yeyote mwenye nafasi? Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliwapigisha vijana kambi kisiwani Brownsea mwaka 1907. Mwaka 1919, huko Gilwell Park, Uingereza, yakaanzishwa mafunzo ya viongozi wa Skauti. Watu wazima waligawanywa makundi madogo, wakalala mahemani, wakapokezana uongozi, kama wafanyavyo vijana wenyewe. Hivyo mlezi hujua kwa kutenda: lini aongoze, na lini anyamaze kijana ajaribu. Nia njema pekee haitoshi. Basi kabla ya kufungua chama cha vijana mtaani, na tuwafunze walezi wake. Kijana akivunjwa moyo leo, kesho huenda asirudi.