Studio ya chumbani: unachosikia na unachorekodi ni vitu viwili



Ndugu msomaji, siku hizi si lazima uwe na studio kubwa ili urekodi darsa, kisomo cha Qur'an au kaswida. Chumba cha kupanga Buyenzi, Bwiza au Nyakabiga, kompyuta moja, maiki moja na mikisa ndogo vinatosha kuanza. Tatizo ni kwamba wengi hununua vyombo, wakachomeka waya popote zinapoingia, kisha kazi inatoka na mwangwi, au sauti inapanda na kushuka ovyo. Mzee aliyekubali kuja kutusomesha hawezi kuitwa kila wiki arudie somo lile lile. Darsa yake ikirekodiwa vibaya, nusu yake imepotea.

Somo hili linahusu namna ya kupitisha hedifoni, ambazo wengi wetu huziita kaske, pamoja na spika za kusikilizia, katika mikisa. Lote limesimama juu ya kanuni moja: njia ya kurekodi na njia ya kusikiliza zisichanganywe.

1. Ijue mikisa yako

Sauti ya maiki huingia katika chaneli. Hapo kizungushio cha GAIN huipa nguvu, kisha kile cha LEVEL huamua kiasi kitakachokwenda kwenye mchanganyiko mkuu, yaani MAIN. Mchanganyiko huo ndio unaokwenda kwenye kompyuta, ama kwa waya wa USB ama kwa matundu ya MAIN OUT. Hii ndiyo njia ya kurekodi.

Pembeni kuna njia ya pili. Tafuta tundu lililoandikwa PHONES, na matundu yaliyoandikwa CONTROL ROOM au MONITOR OUT. Hayo huchukua nakala ya sauti ile ile na kuipeleka masikioni mwako. Yana kizungushio chake, na ukikizungusha, kinachorekodiwa hakibadiliki.

2. Spika zisichomekwe MAIN OUT

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mtu huona MAIN OUT, akadhani ndiyo sehemu ya spika, kwa sababu ndivyo inavyofanywa ukumbini na msikitini. Ukumbini ni sawa, kwani huko spika ndizo zinazowafikishia watu sauti. Katika studio mambo ni mengine. Spika zikiwa MAIN OUT, ukipunguza sauti ya mchanganyiko mkuu kwa ajili ya jirani, unapunguza pia kinachokwenda kwenye kompyuta.

Kwa hiyo, chomeka spika CONTROL ROOM au MONITOR OUT. Ziweke mbele yako zikiwa kimo cha masikio, na umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali kutoka kila spika hadi kichwani pako. Usizigandamize ukutani, maana ukuta huzidisha sauti nzito ikakudanganya.

Wakati wa kuwasha, anza na mikisa, spika ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, spika ziwe za kwanza. Umeme ukikatika, zima spika kabla haujarudi, kwani mshindo wa umeme unaorudi ghafla unaweza kuzidhuru. Vivyo hivyo, ukitumia maiki inayohitaji volti 48 za mikisa, punguza sauti ya spika na hedifoni kwanza ndipo ubonyeze kitufe chake.

3. Maiki ikiwa wazi, spika zinyamaze

Ikiwa msomaji na spika wamo chumba kimoja, sauti ya spika huingia tena kwenye maiki. Ikizidi, utasikia mluzi. Hata isipofika hapo, sauti hiyo iliyochelewa kidogo hujichanganya na sauti halisi na kuiharibu. Kwa kisomo cha Qur'an hilo ni jambo zito: msikilizaji anayejifunza anataka kutofautisha sini na swadi, na haa nzito na haa nyepesi, naye atasikia herufi zenye ukungu.

Basi wakati wa kurekodi tumieni hedifoni zinazofunika sikio lote na kufungwa kwa nyuma. Zile zilizo wazi kwa nyuma huvujisha sauti. Lakini angalia: katika mikisa nyingi ndogo, PHONES na CONTROL ROOM hushirikiana kizungushio kimoja. Ukipunguza spika kwa kizungushio hicho, na hedifoni zinanyamaza. Dawa yake ni kupunguza au kuzima sauti kwenye spika zenyewe, mara nyingi kwa nyuma, na kuiacha mikisa ilivyo.

4. Sauti inayorudi kutoka kompyuta

Tuseme kiongozi wa kaswida amesharekodiwa, na sasa kundi linataka kuitikia juu ya sauti yake. Sauti yake lazima irudi kutoka kompyuta hadi hedifoni za waitikiaji. Mikisa nyingi za USB zina kitufe cha kuchagua sauti hiyo iende wapi. Majina hutofautiana kwa kila kampuni: upande mmja huandikwa TO MON au TO CTRL RM, upande mwingine TO MAIN au TO ST.

Chagua upande wa kusikiliza, yaani TO MON au TO CTRL RM. Ukichagua MAIN, sauti ya kiongozi itarudi kompyutani na kurekodiwa tena pamoja na waitikiaji, wala hutaweza kuwatenganisha baadaye.

Kisha, ndani ya programu ya kurekodia, zima usikilizaji wa moja kwa moja wa sauti inayoingia. Sababu ni kwamba kompyuta huchelewa. Bafa ikiwa sampuli 1024 na kasi ikiwa 44,100 kwa sekunde, bafa hiyo peke yake huchelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi, ni kama inatoka kwa mtu aliye mita 8 mbali nawe. Msomaji anayejisikia mara mbili, sasa na baadaye kidogo, hupoteza pumzi na mwendo wa kisomo. Sauti inayopita ndani ya mikisa hadi hedifoni haina ucheleweshaji unaosikika. Itegemee hiyo.

5. Msomaji na fundi wakihitaji sauti tofauti

Msomaji hupenda kujisikia kwa wingi, fundi hutaka kusikia kila kitu. Mikisa yenye AUX iliyoandikwa PRE hutatua hilo: kila chaneli hutuma kiasi chake huko bila kujali LEVEL. Lakini AUX OUT haina nguvu ya kuendesha hedifoni. Ipitishe kwanza kwenye ampulifaya ndogo ya hedifoni.

6. Haki ya jirani na haki ya sikio

Nyumba zetu zimeshikana, na usiku ukuta mmoja hutenganisha studio yako na mtoto aliyelala. Usiku fanya kazi kwa hedifoni, mchana uhakikishe kwa spika. Mwisho sikiliza kwenye simu, kwa kuwa huko ndiko wengi watakakosikilizia.

Lakini hedifoni nazo zina mpaka. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa sauti ya desibeli 80 inavumilika saa 40 kwa wiki, ya desibeli 90 saa 4 tu, na ya desibeli 100 dakika 20. Sikio ni amana, na kilichokufa ndani yake hakioti tena. Anza na sauti ya chini, pumzika kila saa.

Zoezi

Rekodi dakika moja ya kusoma kwa sauti iliyo sawa. Wakati unasoma, mwenzako azungushe kizungushio cha hedifoni, akipandishe na kukishusha. Kisha sikilizeni rekodi. Ikiwa sauti ni ile ile mwanzo hadi mwisho, njia zako mbili zimetengana, na unaweza kumwalika sheikh. Ikiwa inapanda na kushuka, rudi namba 1 ufuate waya mmoja baada ya mwingine kabla hajafika.